Picha Kwenye Kioo

Kituo cha vijana kilikuwa vyumba viwili tu kando ya barabara, kimoja cha kuchora, kingine cha kulilia. Ndivyo watoto wenyewe walivyoviita, na mshauri, aliyeshinda hicho cha pili na boksi lake la tishu, hakuona ubaya.

Mwalimu wa kuchora walimwita Mama Rangi, maana hakuna nguo yake iliyosalimika. Na binti aliyemnyima usingizi walimwita Chiriku. Watoto hawana dogo: tangu mama yake amlete hapo, hakuwa ametoa hata neno moja. Alichora nyumba yenye madirisha meusi, basi. Mama Rangi hakumuuliza kitu, kwa kuwa sheria ya kituo ilikuwa hiyo: picha haiulizwi mpaka mwenyewe afunue kinywa. Aliingoja sauti ile kuliko alivyongoja mshahara wake, ambao nao ulikuwa hausikiki.

Jumatano moja Chiriku akachora mtu. Mwanamume ameketi ukingoni mwa kitanda cha mtoto, hana uso, lakini viatu vimechorwa kwa makini: vya kahawia, kimoja kina kamba ya kijani. Mtu mwenye akili zake angejiuliza mtu mzima anatafuta nini pale. Mama Rangi alikuwa nazo, ila siku hiyo furaha ilizizidi nguvu. Kituoni, mtoto akichora mtu kwa mara ya kwanza, picha hubandikwa kwenye kioo cha mbele, ikitazama barabarani, ili ajue kwamba ameonekana.

Akaibandika. Chiriku akamvuta gauni.

"Itoe."

Kisauti chembamba, kinakwaruza. Chumba kizima kikalipuka kwa makofi na vigelegele. Mshauri alitoka mbio kwenye chumba chake, akamkumbatia mtoto.

"Amesema! Jamani, Chiriku amesema!"

"Itoe," akarudia mtoto, nao wakampigia makofi tena.

Walikuwa bado wanashangilia baba yake wa kambo alipokuja kumchukua. Alisimama kwanza nje ya kioo, akatazama. Kisha akaingia, mpole kabisa.

"Hongera, mwalimu. Kumbe mtoto anajua kuchora hivi."

Mama Rangi akainamisha macho kwa haya ya kusifiwa, yakatua kwenye kamba ya kijani ya kiatu cha baba huyo.

"Mwache kidogo, baba," alisema. "Hatujamaliza."

"Mama yake anatusubiri."

Alikwisha kumshika mkono. Chiriku hakulia, wala hakugeuka. Mama Rangi alitaka kuziba mlango kwa mwili wake, lakini akajikuta amewapisha, na walipopotelea kwenye kona ndipo alipokumbuka simu.

"Una ushahidi gani, mama?" aliuliza askari.

"Picha."

"Ya kupigwa?"

"Ya kuchorwa."

Askari akacheka, wala si kwa ubaya. Akamwambia aje kesho na mzazi.

Mama Rangi na mshauri wakaenda nyumbani kwa kina Chiriku. Mama mtu alijibu bila kufungua mlango kwamba mtoto amelala. Jua lilikuwa halijazama. Asubuhi walikuta chumba kitupu, na jirani akasema wamehama, hajui wapi. Simu ya mama haikupatikana, siku hiyo wala nyingine.

Mama Rangi alirudi kituoni kabla watoto hawajafika. Akaibandua picha polepole, gundi ikabaki kwenye kioo.

"Nimeitoa, mwanangu," alikiambia kiti kitupu cha Chiriku.