Zamu ya Stella

Kwa miaka saba Mwalimu Violet alifundisha darasa la tatu katika shule moja ya Marangu, na hakuna darasa lililowahi kumshinda. Alikuwa amepokea watoto watundu, waoga, na hata mmoja aliyekuwa akipanda dirishani kila akiulizwa jedwali la saba, na wote walimaliza mwaka wakisoma na kucheka pamoja. Kwa hiyo masika ya mwaka huo, kuta za shule ya juu mlimani zilipopasuka kwa mvua na shule ile ikafungwa, yeye hakutishika. Aliambiwa darasa lake lenye watoto thelathini na watatu litaongezewa ishirini na mmoja kutoka juu. Akasema, "Walete."

Walikuja asubuhi ya Jumatatu wakiteremka kwa mstari katikati ya migomba, masweta yao ya kijani yamelowa umande, wakubwa wao wakiwa wamebeba madawati kichwani. Waliyapanga nyuma ya darasa, yakishikana, wakakaa wakiwa wamebanana kama vifaranga. Mbele yao walikaa wenyeji na masweta yao ya bluu. Katikati ikabaki njia ambayo hakuna aliyeipanga wala aliyethubutu kuivuka.

"Hawa ni wageni wetu," Mwalimu Violet aliliambia darasa. "Wametoka mbali. Tuwapokee vizuri."

Naye akawapokea kwelikweli. Uji ulipoiva saa nne, waliotoka juu walitangulia foleni. Madaftari mapya yalipokuja, walipewa kwanza. Kwenye ukuta kulikuwa na orodha ya zamu: nani anafagia, nani anateka maji, nani anamwagilia bustani ya sukuma wiki, nani anagonga kengele. Majina ya watoto wa juu hakuyaweka. Wanapanda na kushuka mlima kila siku, aliwaza, waache wapumzike.

Wiki mbili zikapita, na ile njia ya katikati haikuzibika. Aliwachanganya kwenye madawati. Wakirudi kutoka mapumziko, kila mmoja amekwisharudi kwa wenzake. Aliwafundisha wimbo wa kupokezana. Upande mmoja ukaimba, upande wa pili ukanyamaza.

"Watazoea tu," alisema Mwalimu Mkuu Eliezeri, akikoroga chai yake ofisini. "Wewe unajisumbua."

"Wanazoea kutengana, mwalimu," Violet alijibu. "Nami sitaki wazoee hilo."

Wiki ya tatu likazuka jambo jingine. Stella, msichana wa miaka tisa kutoka shule ya juu, mwenye akili nyingi na maneno machache, akaanza kuchelewa. Alichelewa Jumanne, akachelewa Alhamisi, na Jumanne iliyofuata akafika kipindi cha pili, viatu vimejaa tope na vumbi limeganda kwenye nyusi.

"Umetoka wapi, Stella?"

Stella aliinamisha kichwa.

"Wageni ndivyo walivyo, mwalimu," akasema Praygod kutoka dawati la mbele. Praygod ndiye aliyekuwa mgonga kengele, na neno lake lilisikika kuliko la kiranja. "Wanakuja saa wanayotaka. Hakuna anayewauliza."

Wenzake wakacheka. Stella hakulia. Alikwenda nyuma, akakaa, akafungua daftari. Lakini neno la Praygod lilimchoma Mwalimu Violet kwa sababu lilikuwa la kweli: hakuna aliyewauliza, hata yeye mwenyewe.

Alhamisi alfajiri akapanda bodaboda hadi nyumbani kwa Stella. Bibi yake, Bibi Mektrida, alikuwa zizini akimkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kuna nini? Mtoto amefanya kosa?"

"Nimekuja kumwona tu. Yuko wapi?"

Bibi alisimama, kisu mkononi. "Si ametoka kitambo na ufagio wake? Amesema leo ni zamu yake."

Mwalimu Violet alitazama orodha ya zamu kichwani mwake, jina kwa jina. Stella hakuwemo. Kisha akaelewa. "Bibi, shule ya zamani iko upande gani?"

Haikuwa mbali. Waliongozana kwenye njia iliyopita kando ya mfereji, bibi mbele bila kuhema, mwalimu nyuma akishikilia sketi yake. Shule ya juu ilikuwa imesimama kwenye ukungu, utepe mwekundu umezungushwa kwenye kuta zilizopasuka ili mtu asiingie. Nje ya utepe, uwanjani, Stella alikuwa akifagia. Alikuwa amekusanya majani makavu mafungu matatu, akifagia kwa mistari iliyonyooka kama mtu anayetarajia kukaguliwa.

Alipowaona, alisimama wima na ufagio wake ubavuni.

"Sijaingia ndani, mwalimu," alisema haraka. "Ninafagia huku nje tu."

"Unamfagilia nani, Stella?"

Mtoto alifikiri. "Jumanne na Alhamisi ni zamu yangu. Tangu darasa la kwanza. Nikiacha, patakuwa pachafu."

"Na shule ya chini?"

"Kule sina zamu," alisema Stella, taratibu, bila kulaumu. "Kule ni kwao."

Mwalimu Violet alitaka kusema kwamba alikuwa akiwahurumia, kwamba alifanya kwa wema, lakini Bibi Mektrida alimtangulia.

"Kumbe hamjawapa kazi?"

"Wanatoka mbali, bibi. Tuliona wapumzike."

Bibi akacheka, cheko fupi. "Mimi nilipoolewa hapa, mama mkwe hakuniruhusu kushika jembe wiki nzima. Nakaa, naletewa chakula. Wenzangu walinionea wivu. Mimi nililia, mwalimu. Nilijua bado hawajaamua kama nitakaa." Akamfuta Stella vumbi usoni kwa ncha ya kanga. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe uko wiki ya ngapi?"

"Ya nne, bibi."

"Basi teremka ukatoe majembe."

Walimaliza kufagia pamoja wote watatu, kwa kuwa Stella hakukubali kuacha kazi nusu. Kisha mwalimu na mwanafunzi wakateremka kwa miguu, na wote wawili wakachelewa.

Alipoingia darasani, Mwalimu Violet hakwenda kwenye meza yake. Alikwenda ukutani, akaibandua orodha ya zamu, akaichana vipande viwili.

"Nimekosea," alisema. Watoto hawakuwa wamezoea kusikia neno hilo kutoka kwa mwalimu. "Niliwaambia hawa ni wageni. Si wageni. Hili ni darasa lao, na darasa lina kazi. Leo tunaanza orodha upya, sote hamsini na wanne. Kila mtu aseme kazi anayoiweza."

Primus, mvulana wa juu, akasema kwa shaka, "Mwalimu, kwani tumekuja kuwa vibarua?"

"Kibarua hufanya kazi kwenye shamba la mwenzake. Bustani ile ni ya nani?"

Primus alitazama dirishani. "Ya shule."

"Wewe unasoma wapi?"

Alijikuna kichwa. "Basi niandike kwenye maji. Mimi najua kuchepusha mfereji, tusibebe ndoo."

Hapo wakaanza kunyoosha mikono. Hellen wa dawati la mbele akauliza, "Na uji, mwalimu? Wataendelea kutangulia?"

"Atakayewahi ndiye atakayetangulia."

Darasa zima likashangilia, na waliotoka juu ndio walioshangilia zaidi. Kutangulizwa kule kulikuwa kumewachosha.

Stella akanyoosha mkono mwisho. "Mimi kule nilikuwa nagonga kengele pia."

Vichwa vyote viligeuka kwa Praygod. Naye alikuwa ameshasimama. "Kengele ni yangu. Tangu Januari."

Mwalimu Violet angeweza kuamua kwa neno moja. Alikunja mikono, akangoja. Alimjua Praygod: mkaidi, lakini si mbaya.

"Rimu yetu ya kengele si kama yao," Praygod alisema hatimaye. "Ukiigonga katikati hailii. Lazima afundishwe kwanza."

"Nifundishe," alisema Stella.

Walitoka wawili hadi kwenye mti ilikoning'inia rimu ya gari, na darasa likajazana dirishani. Praygod akagonga, akaeleza, akagonga tena. Stella akachukua chuma, akaizunguka rimu akiigusa kwa kidole kama anayepapasa ng'ombe mgeni, kisha akapiga pembeni kabisa, mara moja. Mlio ulipanda juu ya migomba. Madarasa mengine yote yakatoka mbio yakidhani ni mapumziko, na Mwalimu Mkuu Eliezeri akatokea mlangoni na kikombe chake.

Praygod alikichukua tena kile chuma. "Wiki hii yangu, wiki ijayo yako," akasema. "Lakini usigonge kabla ya saa."

Haikuwa kwamba kila kitu kilinyooka siku hiyo. Kuna waliofagia kwa kununa. Kuna mama mmoja aliyekuja kulalamika kwamba mwanawe ametoka juu kusoma, si kuchota maji, naye Mwalimu Violet akamkalisha na kumweleza bila kupepesa macho. Lakini mfereji wa Primus ulileta maji mpaka kwenye matuta, na ile njia ya katikati ya madawati ikaziba polepole, dawati moja leo, jingine kesho, bila mtu kuamriwa.

Mwezi Juni, Mwalimu Violet na Mwalimu Mkuu walikuwa ofisini wakisahihisha, makelele yakatoka bustanini. Mwalimu Mkuu akaweka kalamu chini.

"Wa juu na wa chini tena?"

Violet akaenda dirishani. Primus na Hellen walikuwa upande mmoja wa tuta, Stella na Praygod upande wa pili, kila upande ukidai kwamba tuta lao lina kiu zaidi na maji yaanzie kwao. Hellen alikuwa amekanyaga mfereji kwa makusudi. Stella, mwenye maneno machache, alikuwa akipiga kelele kuliko wote.

"Hapana, mwalimu," Violet alisema. "Wanagombana wenyewe kwa wenyewe."

"Huendi kuwaamua?"

"Wataamuana." Alirudi kwenye kiti chake, akachukua daftari lililofuata, akaendelea kusahihisha.