Mama Muthoka wa Soko la Tala

Kavindu angesamehe mengi, lakini si kumsikia Wanza akiitwa Mama Muthoka. Mama Muthoka! Wanza, ambaye uchungu wa kuzaa ameusikia kwa watu tu!

Muthoka alikuwa kifungua mimba wa Kavindu mwenyewe, aliyemzaa kwao Ndithini kabla ya kuolewa. Akili ya mtoto ilikwenda polepole, basi Kavindu akamwacha kwa mama yake mzazi, akaja Tala kuanza maisha. Mama yake alipofariki ikabidi amchukue, kijana mzima sasa. Majirani aliwaambia ni wa marehemu dada yake, maana aliijua midomo yao: wangesema nyumba ina laana. Kisha akamfunza Muthoka, tena na tena, kwamba mbele za watu amwite anti. Mchana alimfungia ndani.

Wanza, jirani muuza mitumba, ndiye aliyeuliza, "Kwani huyu ni mbuzi? Nipe anisaidie kazi." Kavindu alimtoa upesi, na moyoni akashukuru kupumua.

Kumbe! Muthoka alikunja mashati vizuri, akasalimia kila mteja kwa mikono miwili, na wateja wakawa wanarudi kwa ajili yake. Wanza akamnunulia kofia. Jioni nyumbani ikawa Wanza hivi, Wanza vile. Kutwa Kavindu alikaa kwenye meza yake ya sukuma wiki, ng'ambo ya njia, akiwatazama wakicheka, roho ikimchoma.

Siku ya soko mama mmoja alisimama pale kwenye mitumba. "Mama Muthoka, umelea kijana, jamani!"

"Asante," Wanza akajibu.

Asante? Kavindu alitupa kisu, akavuka njia.

"Wewe Wanza, hizo sifa unazokula ni za nani? Huyu nimemzaa mimi!"

Watu wakajazana. Wanza akamtazama. "Si ulituambia ni wa dada yako?"

"Niliwadanganya! Niliwaogopa. Muthoka, waambie, mimi ni nani?"

Muthoka aliwaangalia watu waliojazana. Akavua kofia, akasimama wima.

"Ni anti."

Mtu mmoja akaguna. Kavindu alimshika mkono, machozi yakimtoka. "Hapana, mwanangu. Niite mama. Sema mama."

Muthoka akatikisa kichwa kwa huruma, akamwinamia sikioni asije akamwaibisha.

"Kuna watu," akamnong'oneza.