Baa Iliyomfuata Mpiga Pasi

Jumamosi mchana mpiga pasi alimaliza kola ya shati la mwisho, akachomoa waya ukutani na kuisimamisha pasi ipoe. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Juzi ilimtetemeka hivyo hivyo akaunguza shati la mteja, na dobi, mwajiri wake, alimwambia kwa upole kwamba likiungua jingine asirudi. Alijifunga kitambaa kichwani, akatoka. Baa ilikuwa inamsubiri ng'ambo ya mtaro.

Ilikuwa baa ya kawaida tu: friji moja, viti vya plastiki, televisheni yenye mpira, na wateja wale wale. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa na kiti chake karibu na friji. Mwanzoni, baada ya kufiwa na mumewe, mpiga pasi ndiye aliyekuwa akiifuata baa. Halafu siku moja akaugua, hakwenda, nayo ikaja kumjulia hali. Tangu hapo ilitembea nyuma yake taratibu, sakafu na yote, bila kumwaga hata glasi. Majirani walilalamikia kelele za televisheni tu. Alipokwenda kushtaki, mwenyekiti wa mtaa alimweleza kuwa baa ina leseni na inalipa ushuru, kisha akatoka nje, akavuta kiti na kuagiza moja baridi.

Binti yake alikuwa anaishi kwa dada yake, na dada mtu hakuwa na maneno mengi.

"Utamchukua siku utakayokuja peke yako," alimwambia. "Hilo dubwana lako usiniletee getini."

Ndiyo maana alikuwa anatafuta kikao. Nesi wa zahanati alimnong'oneza kwamba kuna watu wanaosaidiana kuacha pombe, hukutana Jumamosi jioni nyuma ya duka la magodoro, mlango wa bluu. Alikwenda mara mbili akaambulia patupu, kwa sababu kwenye kona ya mwisho baa ilikaza mwendo, ikampita na kujikita mbele ya mlango. Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali yanayomvua mtu nguo barabarani. Kwa hiyo aliulizia magodoro. Mara ya kwanza aliulizia la futi nne, mara ya pili la futi tano, akayabonyezabonyeza na kusema atarudi.

Safari hii muuza magodoro hakumwacha afike kwenye futi sita.

"Mama, wanaoulizia magodoro Jumamosi jioni hawanunui," alisema. "Pita humu humu ndani. Ukizunguka kwa nje itakuwahi."

Alipita ubavu ubavu katikati ya magodoro. Baa ilijaribu kumfuata, friji ikakwama mlangoni.

"Tunakusubiri, mama," mhudumu alimwambia, bila kinyongo.

Uani alikuta baa za watu zimejipanga ukutani: kilabu cha pombe na ndoo zake, baa ya hoteli yenye zulia, nyingine chumba kimoja tu cha kulala, godoro na chupa pembeni. Zilikuwa zimetulia, zikisubiri wenyewe watoke. Ndani ya mlango wa bluu watu wachache walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuazima. Zamu yake ilipofika alisema, "Nimekunywa mpaka nimenyang'anywa mtoto." Hakuna aliyeguna. Walimhamishia kiti mbali na dirisha.

Kikao kilipokwisha alimfuata fundi bomba, aliyekuwa hajagusa glasi tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Nifanye nini iondoke?"

Fundi bomba alimwonyesha dirishani kibanda cha bati chenye stuli moja na taa inayowaka.

"Kile changu. Kila asubuhi kinafungua."

"Hakiondoki?"

"Hakijaondoka. Nimejifunza kukipita."

Mpiga pasi alilia. Alikuwa amekuja na tumaini moja tu, nalo ndilo lililokatwa. Hata hivyo siku ile hakunywa, wala iliyofuata. Majuma yakapita. Mikono ikatulia, kola zikanyooka, dobi akaacha kumsimamia mgongoni. Usiku alitafuna ncha ya shuka huku friji ikinguruma chini ya dirisha lake. Jumapili moja akavaa gauni lake zuri, akaenda kumchukua mtoto.

Dada yake alifungua geti nusu. Alimtazama macho, akamnusa, akaona ni mzima kabisa. Kisha akatazama nyuma yake.

"Nilikwambia uje peke yako, mdogo wangu."

"Sijagusa, dada. Ila yenyewe haiondoki. Haiondoki kwa yeyote."

"Basi na mtoto haondoki."

Mtoto alikuwa amesimama kibarazani, viatu ameshavaa, mkoba begani.

Wakati huo, kule kwenye baa, shemeji aliinuka karibu na friji, akamalizia glasi yake na kufuta povu kwenye masharubu. Alivuka barabara akiyumba kidogo.

"Habari za kazi, shemeji?" alimsalimu mpiga pasi kwa adabu.

Dada mtu alifungua geti lote, akampisha mumewe, akamshika mkono asijikwae.

"Mpokee baba mkubwa koti," alimwambia mtoto.

Mtoto alivua mkoba, akalipokea koti na kwenda kulitundika. Alijua msumari wake. Geti likafungwa.

Mhudumu wa baa alifuta kiti cha plastiki kwa kitambaa, akaja kukiweka nyuma ya magoti ya mpiga pasi, karibu kabisa, ili asihangaike kukitafuta. Mpiga pasi alibaki amesimama.