Mzee Mwandu Asiyefungwa Kamba

Mimi Theopista ni mtendaji wa mtaa, na mhuri uliogongwa kwenye ile ripoti ni wangu. Nasema mapema ili msije mkasikia kwa watu wengine. Nimesoma, nina cheti, nina miaka tisa kazini, na bado niligonga mhuri kwenye karatasi inayosema kwamba ng'ombe ni marehemu.

Mzee Mwandu alifariki mwaka juzi hapa hapa Mwamkulu. Miezi michache baadaye mwanawe, Masunga, alianza kuumwa kichwa kisichosikia dawa. Akaenda kwa mganga wa kwao, akaambiwa baba yake anataka ng'ombe. Si wa kuchinjwa, wa kukaa naye. Familia ikachagua dume jeupe, ikalipatia jina la mzee, na tangu siku hiyo dume hilo halipigwi, halifungwi nira wala halitiwi kamba. Asubuhi linasalimiwa. Mila hiyo siicheki. Kwetu Ufipa tuna za kwetu, na sitaki Msukuma yeyote azichunguze. Shida yangu ilikuwa moja tu: Mzee Mwandu wa sasa alikuwa anapenda sana mpunga.

Alipenda wa Emelyne, tunayemwita mama Didace. Ni mjane wa asili ya Burundi, amekulia kwenye makazi ya wakimbizi kabla ya kupata uraia, na majaruba yake matatu yamepakana na boma la Masunga. Jaruba la kwanza dume lililimaliza kabla mpunga haujachanua. La pili dume lililala ndani yake, likaligeuza godoro. La tatu lilikuwa linakaribia kuvunwa, bado kama siku kumi, na ndicho chakula kilichobaki cha mama huyo na watoto wake wanne kwa mwaka mzima.

Alikuja ofisini mara tatu. Hakuomba fidia, hakumtukana mtu. Alichotaka ni kamba.

"Dada mtendaji, wamfunge siku kumi tu. Nikishavuna, azunguke hata mpaka Mwese, mimi sina neno."

Masunga naye aliitwa, akaja amevaa kofia ya baba yake. "Baba yangu hajawahi kufungwa hata na polisi," akasema. "Leo nimfunge mimi, mtoto wake wa kumzaa? Nyie mngefanya hivyo kwa wazazi wenu?"

Mwenyekiti wetu, Yotham, ana kipaji cha kusikiliza pande mbili mpaka zote zichoke. Wasukuma mtaani ni wengi, wenye asili ya Burundi nao si haba, na Yotham anahesabu watu kwa kura. Alikohoa, akafuta miwani, akasema suala hili ni la kitaalamu, hivyo lazima aje mtaalamu. Nilimwambia mtaalamu wa ng'ombe ni kamba.

Mtaalamu akapatikana. Anaitwa Sylvanus, Mkurugenzi wa Kituo cha Uchunguzi wa Yasiyoonekana, kituo ambacho makao yake makuu, niligundua baadaye, ni simu yake. Anarusha video za nyumba zenye mizimu, na Yotham alikuwa amezitazama zote. Alishuka kwenye bodaboda amevaa koti jeusi kwenye jua lile, mkononi ana sanduku. Ndani mlikuwa na kipimajoto cha mifugo, dira, na kifaa kinacholia ukikisogeza karibu na waya wa umeme. Kwa Masunga hakuna umeme.

Saa nne asubuhi tukakusanyika uani kwa Masunga, dume limesimama katikati linacheua. Sylvanus akatuelekeza.

"Roho haiongei, inatoa ishara. Kwa hiyo tunaseti lugha. Akitikisa sikio, ni ndiyo. Asipotikisa, ni hapana. Iko simpo."

Ilikuwa mwezi wa tano, boma lina ng'ombe hamsini, na nzi walikuwa wengi kuliko wananchi.

"Wewe ni Mwandu?" Sylvanus akauliza. Sikio likatikisika. Watu wakaguna.

"Umeridhika na huduma za familia?" Yakatikisika yote mawili. Masunga akavua kofia, machozi yakimlengalenga.

Kile kifaa cha umeme hakikulia hata kidogo, na Sylvanus akaandika kwamba kulikuwa na utulivu usio wa kawaida. Dume likakojoa, tena kwa muda mrefu, Sylvanus akarudi nyuma hatua mbili na hilo nalo akaliandika. Baada ya nusu saa akasoma matokeo: asilimia themanini na saba Mwandu, asilimia kumi na tatu ng'ombe. Nikamuuliza hizo kumi na tatu ziko upande gani wa mwili.

"Hizo ni za tahadhari, sista," akasema.

Yotham akaniambia nigonge mhuri kwenye ripoti hiyo ili mambo yaishe. Jua kali, njaa inauma, nami nikagonga. Kumbe hayajaisha. Masunga akasema kwa kuwa baba yake amethibitishwa, arudishwe kwenye daftari la wakazi. Yotham akatikisa kichwa kukubali. Nikafungua ukurasa ambao nilikuwa nimelikata jina lile mwaka juzi, nikaliandika upya kwa juu: Mwandu, mkuu wa kaya.

Mama Didace alikuwa amesimama nyuma yangu, anatazama kalamu.

"Mimi karatasi ya kusema ni mtu wa hapa niliisubiri miaka saba," akasema taratibu. "Nikahojiwa, nikapigwa picha, nikaambiwa rudi kesho, nikarudi. Mzee ametumia asubuhi moja."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na nikaendelea kuandika, maana hivyo ndivyo ofisi zinavyofanya.

Masunga akasimama kifua mbele. "Mmesikia wenyewe. Mkuu wa kaya hafungwi kamba. Anatembea anakotaka."

"Sawa," akasema mama Didace. "Kama anajibu, naomba nimuulize mwenyewe."

Sylvanus alifurahi, akanyanyua simu arekodi. Mama Didace akalisogelea dume, akapiga goti kidogo kama anavyofanya kwa mtu mzima yeyote. "Shikamoo mzee. Mimi jirani yako. Unakubali ufungwe siku kumi ili nivune?"

Sikio likatikisika.

Masunga akarudisha kofia kichwani. "Hajaelewa. Baba Kiswahili kilikuwa kinampita pembeni. Aulizwe Kisukuma."

"Nitauliza mimi," ikasema sauti ya Minza.

Minza ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemuuguza mzee mpaka mwisho. Mzee alimwahidi mitamba miwili kwa mdomo wake. Baada ya matanga Masunga akasema maneno ya mgonjwa bila shahidi hayana nguvu, na Minza akanyamaza miaka miwili. Sasa shahidi alikuwa amesimama mbele yetu, na mhuri nimempa mimi. Minza akawa anauliza Kisukuma, kisha anatutafsiria.

"Nimemuuliza kama yuko tayari kufungwa." Sikio.

"Nimemuuliza kama alinipa mitamba miwili." Sikio, kwa nguvu.

"Nimemuuliza kama ng'ombe wote wa boma hili bado ni wake, maana mwenyewe yupo, na kama wahamie kwangu mpaka aseme vingine."

Masikio yote mawili, na mkia juu.

"Mkia hatukuuseti," akasema Sylvanus, "ila nauchukulia kama msisitizo."

"Nzi hao!" Masunga akapiga kelele. "Nyie hamuoni? Ni nzi! Ni ng'ombe anafukuza nzi!"

Neno likishatoka limetoka. Alitutazama mmoja mmoja kana kwamba sisi ndio tuliolisema. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Miezi mitatu nilikuwa nangoja kumcheka mtu huyu. Masunga akakaa chini kwenye vumbi, kofia ya baba yake mikononi, na kicheko changu kikaisha.

"Nilikuwa mnadani Kibaoni," akasema. "Baba anakata roho, mimi napatana bei ya ng'ombe. Dada alipiga simu mara nne, nikawa nasema nitapiga. Nimefika ameshafunikwa. Huyu nikimfunga kamba, basi baba hayupo kweli."

Yotham akasema labda kikao kiahirishwe. Nikamwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, akanyamaza.

Minza akaenda kuchuchumaa karibu na mdogo wake. "Zile simu sikupiga mimi," akamwambia. "Baba ndiye alikuwa anasema nipige. Kila mara anasema, 'Mpigie tena, atakuwa njiani.'"

Masunga alilia kwa sauti mbele ya watu, mtu mzima wa ng'ombe hamsini. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Alipomaliza akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani. Akasimama mbele ya dume, akainamisha kichwa.

"Mwangaluka, baba," akamsalimia kwa kwao, kisha akaongea Kisukuma kwa muda mrefu. Minza hakututafsiria, na hatukuomba. Fundo la kwanza likafunguka. Akafunga tena. Sylvanus akamwomba arudie kufunga, maana simu yake ilikuwa imejizima katikati. Minza akamtazama tu, na Sylvanus akafunga sanduku lake.

Mama Didace hakuringia ushindi wowote. Alimshukuru Masunga kwa mikono miwili, akavuka kwenda kwenye jaruba lake la tatu, akaweka chini fimbo aliyolindia mpunga usiku na mchana, akajinyoosha kwenye tuta mchana kweupe. Nilipopita hapo saa tisa nikirudi ofisini, alikuwa bado amelala fofofo.