Kofia Fupi ya Oriana

Mama mkwe wangu, Bi Edilsa, alichora mstari kwa chaki ya bluu, akaugonga kwa kidole.

"Kata hapa."

Nikautazama ule mstari. Taulo la mtoto mchanga halina ufundi mwingi: unakata kitambaa cha taulo mraba mkubwa, kisha unakata pembetatu, unaishonea kwenye kona moja ya mraba, nayo inakuwa kofia. Mtoto akitoka majini unamweka kichwa konani, unamfunga. Ukubwa wa pembetatu ndio unaoamua kila kitu, na kwa mstari wa Bi Edilsa, kofia ingemfunika Oriana wangu mpaka kidevuni. Hiyo si kofia, ni gunia.

"Mama, humo atapumulia wapi?"

"Kitambaa chepesi hicho. Atapumua tu."

"Na watu watamwonaje?"

Alitia chaki kwenye mfuko wa aproni akarudi jikoni kugeuza ndizi zake. Sikuhitaji jibu. Mwezi mzima nilikuwa ninaishi nalo.

Oriana alizaliwa na baka jekundu. Linaanzia kwenye paji la uso, linashuka juu ya jicho la kushoto, linakuja kutulia shavuni. Muuguzi alinieleza kuwa ni rangi tu ya ngozi, haiumi wala haiambukizi. Lakini katika mji wetu wa Ciénaga hakuna baka la bure. Mtoto akizaliwa nalo, watu hawaulizi kama linauma. Wanauliza mama yake alitamani nini akiwa na mimba, na nani alimnyima.

Na mimi kweli nilitamani. Nilitamani juisi ya corozo, yale matunda madogo mekundu yenye ukali wa kukunja uso, mpaka nikawa naiota. Petrona, muuza juisi, alikuwa akipita na ndoo yake kichwani akiita wateja, nikamwita. Kabla hajaitua, Bi Edilsa alitoka na mwiko mkononi.

"Nenda zako na maji yako machafu! Corozo inaharibu mimba!"

Akafunga mlango. Nililia siku ile kama mtoto aliyenyang'anywa pipi, na leo nikikumbuka najicheka. Petrona hakulia. Petrona alisimama barabarani akasikiliza juisi yake ikiitwa maji machafu, akajitwika ndoo akaondoka, na huyo si mtu wa kusahau.

Kwa hiyo mtoto alipotoka na uso wenye rangi ya corozo, Bi Edilsa aliliona lile baka kabla yangu mimi niliyemzaa. Alipiga ishara ya msalaba, akavuta blanketi, akamfunika. Tangu siku hiyo ikawa blanketi usoni, pazia dirishani. Mgeni akija, mtoto amelala. Akija mwingine, mtoto ana joto. Mwanangu alikuwa hajapigwa jua hata mara moja, katika mji ambao jua halijui kukosekana.

Ila kuna jambo moja ambalo hata Bi Edilsa hakuweza kulifungia mlango. Kwetu mtoto hapiti hivi hivi bila watu kunywa mikojo yake. Ndivyo tunavyosema, ingawa kilichomo kwenye glasi ni ramu. Na katika nyumba ya Bi Edilsa sherehe hiyo ina utaratibu wake: bibi anamwogesha mjukuu uani mbele ya wageni, anamfunga kwa taulo lililoshonwa humo humo ndani, kisha mtoto anapitishwa mkono kwa mkono na kila mtu anamwombea heri. Wote wa nyumba hiyo walipitishwa hivyo, hata mume wangu Wilfrido na kichwa chake kikubwa kile. Oriana angerukwa, mtaa mzima ungesema mengi kuliko yale wanayoweza kuyasema wakimwona. Basi ndipo lilipozaliwa wazo la kofia ndefu.

Wilfrido aliporudi Jumamosi kutoka shamba la ndizi, nilimweleza.

"Mwache mama, Nayibe," akasema huku akikuna shingo. "Siku moja tu hiyo."

"Siku moja, kisha ubatizo, kisha shule. Utamshonea kofia mpaka ya harusi?"

"We mwanamke unakuza mambo."

"Mimi sikuzi kitu. Mtoto ndiye anayekua."

Akaenda kuoga. Wilfrido mkiwa mnagombana mbele yake, maji ya kuoga humwita.

Nililowesha kidole nikaufuta mstari wa bluu. Nikachora wangu mwekundu, mfupi, wa kofia itakayoishia nywele zinapoanzia. Nikakata. Kitambaa cha taulo ni kikaidi, kinamwaga manyoya kila mahali, kinaziba bobini ya uzi wa chini, na pale konani tabaka zinapokutana inabidi uache kukanyaga uzungushe gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, la sivyo sindano inakatika. Nilipofika ukingoni nikachukua utepe. Kwa Bi Edilsa mtoto wa kike ni utepe wa waridi. Mimi nilinunua mwekundu uliokoza, rangi ile ile ya shavu la mwanangu, na nilifanya makusudi. Nilitaka anayelitazama taulo aone kuwa huyu mtoto hajachafuka. Amepambwa.

Nikalifua, nikalianika, nikaridhika nalo.

Asubuhi ya sherehe nikalikuta limekunjwa kitandani kwangu, na kofia inafika kidevuni.

Alikuwa amefumua ya kwangu yote, akashona nyingine. Na Bi Edilsa anajua kushona, nalisema ingawa linaniuma: mishono midogo, iliyonyooka, huoni imeanzia wapi. Utepe mwekundu haukuwepo. Ukingoni palikuwa na pindo jeupe, safi, la heshima. Nilihisi kama mtu amemfuta mwanangu uso wakati nimelala.

Uani wageni walishaanza kuingia. Nilisikia spika ikijaribiwa, nikasikia Wilfrido akibishana na binamu yake juu ya nyama iliyomo kwenye supu. Beseni lilikuwa limejazwa maji, limewekwa juani yapate moto. Nikachukua mkasi. Sikupima wala sikuchora. Niliikata ile kofia nzuri katikati, iishie nywele zinapoanzia, na sauti ya mkasi ukila kitambaa kizito ilinifurahisha kuliko muziki wao wote.

Utepe wangu niliukuta kwenye pipa la jikoni, chini ya maganda ya muhogo. Nikaukung'uta, nikaupangusa kwenye gauni. Nikafungua dirisha wazi kabisa ili wasikie, nikakaa kwenye cherehani nikaanza kukanyaga.

Bi Edilsa akaja mlangoni.

"Unafanya nini, we mtoto?"

"Nashona."

"Watu wamefika!"

"Nimewasikia. Na wao wananisikia."

Akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana ugomvi wake nimeuzoea. Lakini sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake.

"Nayibe, nakuomba. Petrona yuko nje. Humjui mdomo wake. Atanimaliza."

Nikaacha kukanyaga. Atanimaliza, alisema. Hakusema atamcheka mtoto.

"Kumbe uso unaofichwa ni wako, mama."

Akakaa kitandani, akaokota manyoya ya taulo kwenye sketi yake, moja moja.

"Mimba yangu ya kwanza ilitoka," akasema. "Kabla ya Wilfrido. Nilikuwa nimekunywa corozo. Sikukunyima kwa roho mbaya, mwanangu. Niliogopa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ungecheka. Nyinyi wa siku hizi mnacheka kila kitu."

Nilimwonea huruma, Mungu ni shahidi wangu. Na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Vyote viwili vilikaa pamoja kifuani, vikagombania nafasi. Nikaushona utepe mpaka mwisho, umepinda kama njia ya mlevi, nikakata uzi kwa meno.

"Wamesema mficha uchi hazai, mama. Sisi tumeshazaa. Twende tukamwogeshe."

Bi Edilsa alimwogesha mwenyewe. Wageni wote walikuwa wamesimama duara wakimwona mgongo tu, maana alimwinamia mtoto kama kuku anayefunika kifaranga. Mimi nilisimama na taulo limetandazwa mikononi. Akamwinua. Nikampokea, kichwa konani, nikamfunga miguu, nikageuka.

Jua likampiga Oriana usoni kwa mara ya kwanza. Akakunja macho, akatoa ulimi.

Mtu akapunguza muziki. Nikasikia maji yakidondoka kutoka mikononi mwa Bi Edilsa. Duara lote lilikuwa linatazama lile baka na utepe wake, na hakuna aliyesema mtoto mzuri, jinsi watu wanavyosema hata kwa watoto wanaofanana na chura.

Petrona akasogea, glasi ya ramu mkononi. Akainama, akatazama bila haraka, akainuka na tabasamu.

"Loo! Rangi hii mbona naijua? Si ndiyo ninayoiuza?"

Watu wakacheka. Alisubiri wamalize.

"Sema, Nayibe mwanangu, usiogope, hapa sote jamaa. Ulitamani nini? Na nani alikunyima?"

Macho yote yakamgeukia Bi Edilsa. Alikuwa amesimama pembeni ya beseni, amenyooka, anangojea.

Ulimi uliniwasha. Neno moja tu na ningemlipa kila kitu, blanketi, pazia na utepe wangu kwenye maganda ya muhogo. Nilikuwa nalo mdomoni, tamu. Nikamtazama Oriana, nikaona lile neno litatua wapi. Halingetua kwa bibi yake. Lingetua shavuni kwake. Tangu siku hiyo angekuwa mtoto wa corozo, na kila watu wa nyumba hii watakapogombana, wangemleta yeye na uso wake kama shahidi.

"Sikunyimwa kitu, Bi Petrona."

"Mwanangu, mimi nilikuwa pale mlangoni. Masikio yangu ni mazima."

"Basi ya mlangoni unayajua wewe. Ya usoni kwa mwanangu niulize mimi niliyemzaa. Hakuna alichokosa huyu. Huu ni uso wake, na mtauona sokoni, na kanisani, na shuleni, mpaka mchoke kuutazama." Nikaweka kidole kwenye shavu jekundu. "Anayetaka kunywa mikojo yake ataanza kwa kumbusu hapa. Asiyetaka aitue glasi, ramu ni ya kwetu."

Hakuna aliyesogea. Wilfrido alikuwa mbali, karibu na spika, nikamwona anapenya watu, lakini hakuwahi. Bi Edilsa alimtangulia. Alikuja na mikono yake imelowa, akainama, akambusu Oriana juu ya baka, busu la sauti, lililosikika mpaka ukutani. Kisha akamgeukia Petrona.

"Juisi nilimnyima mimi. Ni kweli. Tena nikaiita maji machafu, na ulisikia vizuri. Kesho ulete ndoo nzima anywe mpaka atapike. Lakini juisi ni juisi, na uso wa mjukuu wangu ni uso wa mjukuu wangu. Ukivichanganya tena nitakuonyesha kazi nyingine ya mwiko."

Petrona alimtazama. Akamtazama mtoto. Akaitazama glasi yake, ambayo ilikuwa bado imejaa, na Petrona hajawahi kuitua glasi iliyojaa. Akainama akabusu.

"Ana ngozi laini, mshenzi huyu," akasema, akanywa yote.

Baada yake walikuja mmoja mmoja. Wengine walibusu haraka huku wamefumba macho, nikawaona, nikawarudisha nyuma wabusu tena. Wilfrido alibusu mwisho na akalia, na kwa sababu hiyo nimemsamehe maji yake ya kuoga.

Taulo lile tunalo mpaka leo, ingawa Oriana sasa linamfika magotini tu na analivaa kukimbilia mtaani akiwa uchi wa mnyama. Mishono ya ndani, ile mizuri, ni ya bibi yake. Utepe uliopinda ni wa kwangu. Kila likifuliwa, Bi Edilsa analiinua juani, analigeuza, anasikitika.

"Niupe basi niunyooshe huu utepe, Nayibe. Dakika moja tu."

"Uguse uone, mama."