Mashine ya Sita

Severin Komba alikuwa na miaka arobaini na mbili, na hii ilikuwa kazi yake ya pili maishani. Ya kwanza, ya ufundi umeme, iliisha kiwanda chao cha Kihonda kilipouzwa na mnunuzi akapunguza watu. Akajifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima, hadi Agnes, mama aliyefungua intaneti kafe mjini Morogoro, alipomkabidhi mashine nane azitunze.

Intaneti ya miaka ile ilipita kwenye laini ya simu, na ilikwenda taratibu mno. Wateja wengi walitaka vitu vilevile: fomu, matokeo ya mitihani, orodha za waliochaguliwa vyuoni. Kila asubuhi Severin alihama kiti hadi kiti akishusha mafaili hayo, ili mteja akifika ayakute tayari. Alipochoka, akaandika programu ndogo. Saa kumi na moja alfajiri, laini ikiwa bado nyepesi, mashine zote ziliingia zenyewe kwenye seva, zile kompyuta za mtandaoni zinazohifadhi mafaili hayo, kila moja ikachukua nakala yake, na mwisho kioo kikaandika KAMILI. Agnes aliwasimulia wateja jambo hilo kwa majivuno. Severin akajiona mtu tena.

Mwanzoni programu ililinganisha ukubwa wa kila faili na lile la kwenye seva, na kama halikutimia ililishusha upya. Siku laini ilipokuwa mbovu, kazi iliendelea hadi saa nne na wateja wakasubiri nje. Agnes akalalamika. Severin akaifuta mistari ya ukaguzi. Neno KAMILI akaliacha liendelee kutokea.

Jumanne moja Mwanvita Hatibu alishuka kutoka Kinole, kule milimani, kutazama orodha ya chuo cha uuguzi. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa ameomba mara tatu. Alikaa kwenye mashine ya sita, akasoma polepole huku kidole kikifuata majina, kisha akageuka.

"Kaka, samahani. Orodha inaishia hapa kweli?"

Severin alikuwa ameinamia printa. Hakuinuka. "Kompyuta haikosei, dada. Si imeandika kamili?"

Mwanvita akashukuru, akatoka.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Severin akisafisha mashine ya sita, aliona orodha inaishia kwenye jina la Mwanaidi, tena limekatika katikati. Kwenye mashine ya saba majina yaliendelea hadi Zuhura. Jina lililofuata baada ya Mwanaidi lilikuwa Mwanvita Hatibu, wa Kinole, lilelile ambalo yule dada aliliandika kwenye daftari la wateja. Kuripoti chuoni ilikuwa Jumatatu.

Alilifuta faili bovu, akashusha jingine, akairudisha mistari ya ukaguzi, na hakumwambia mtu. Ijumaa kutwa alijiambia kwamba yule dada lazima amepata habari kwingine. Jumamosi chai ilimshinda. Akapanda landrova ya Kinole.

Alipelekwa nyumbani kwa Mzee Hatibu, baba yake Mwanvita. Akamwamkia shikamoo, akaketi, akasema jina la binti limeonekana. Siku zote zile mzee alikuwa amewaambia majirani kwamba binti yake ameshindwa tena, na kumwambia yeye aache kupoteza muda wa watu. Sasa akaagiza kuku achinjwe. Akasema watu wa mjini wenye moyo wa kupanda mlima kwa ajili ya mtoto wa mwenzao wamebaki wachache. Severin akala. Bado hakusema kwamba kosa lilikuwa lake.

Mwanvita alimsindikiza hadi barabarani.

"Nilikuuliza kama orodha imeisha," alisema.

"Uliniuliza."

"Mbona baba hukumwambia?"

Severin aligeuka, wakapanda tena wote wawili. Mbele ya mzee alieleza yote: mistari aliyoifuta kwa makusudi, jibu alilolitoa bila kuinuka, na siku mbili za kujificha. Mzee Hatibu alimsikiliza hadi mwisho, akachukua panga lake, akaenda migombani bila kuaga. Mwanvita ndiye aliyebaki.

"Na wengine waliokaa pale ni wangapi?" aliuliza.

Hilo Severin hakuwa amelifikiria hata mara moja.

Jumatatu Mwanvita aliripoti chuoni. Siku hiyohiyo Severin alibandika karatasi mlangoni: waliosoma orodha ya uuguzi kwenye mashine ya sita warudi, kosa ni langu, na chini akaweka jina lake. Agnes alitaka aandike kwamba laini ya simu ilikuwa mbovu. Alikataa, na kwa wiki nzima hawakuongea ila mambo ya kazi.

Aliyekuja ni mmoja tu, Yustina wa Turiani, wiki tatu baadaye. Jina lake lilikuwemo. Severin alikwenda naye chuoni, akasimama mbele ya ofisa akakiri, lakini nafasi ilikuwa imeshapewa mtu wa akiba. Waliambiwa Yustina aombe upya mwakani.

Nje, Yustina alikaa kwenye ngazi. Hakumgombeza. Alimwomba maji ya kunywa, na Severin akaenda kuyatafuta, akishukuru kwamba kwa dakika chache hatatazamwa usoni.