Waliobaki Chini ya Timbo

Zilpah hakutaka kwenda. Bi Sabira, mwenye duka la kanga alikokuwa akimpindia nguo, ndiye aliyemshawishi.

"Twende tu, Mama Ketty. Wasema kambi nzima ya timboni imejengwa upya. Huenda ukapumua."

Wakatoka Kuze baada ya sala ya alasiri, wakapita Bondeni, wakateremka hadi timboni, palipochimbwa mawe ya nyumba nyingi za mjini. Timbo lilikuwa limelala tangu kabla ya vita. Sasa vita vimekwisha, na Kasam, aliyelirithi kwa babake marehemu, mzee Valli, alikuwa amevikarabati vibanda vya wachimbaji ili watu waje watazame.

Kazi ilikuwa nzuri, na uzuri huo ndio uliomtia Zilpah baridi ya mwili. Makuti mapya, kuta nyeupe kwa chokaa, kila kibanda na kitanda chake cha kamba. Yeye na mumewe, Dishon, walilala chini kwenye vibanda vivyo hivyo, mvua ikiwavujia. Upande wa pili machimbo yalikuwa yameachwa yalivyo, ila mdomo wa pango walimochimba mawe ulikuwa umezibwa kwa ukuta wa mawe ya kuchongwa. Mbele ya ukuta huo wageni walikaa kwenye mabenchi, wakinywa sharbati.

"Hapa pango liliporomoka," Kasam aliwaeleza. "Alhamdulillahi, hakufa mtu. Marehemu baba alituambia wote walikuwa juu, wanakula."

"Si kweli."

Zilpah mwenyewe alishtuka kuisikia sauti yake.

"Umesemaje, mama?" Kasam aliuliza.

"Mume wangu yumo humo. Dishon. Yumo na Fondo, na Musyoka. Tuliweka masikio kwenye jiwe, tukawasikia wanagonga. Nyapara akasema dari lote laja, akaamuru mdomo ujazwe kifusi. Sisi wanawake tulifukuzwa, na wao bado wanagonga."

Mgeni mmoja akacheka kidogo, akaangalia pembeni. Bi Sabira akaitua bilauri yake.

"Huyu ni mtu wangu," alisema. "Tangu nimjue hajanidanganya."

Uso wa Kasam ulikuwa umewiva. "Babangu hakuwa mtu wa namna hiyo."

"Sikumtaja babako, Bwana Kasam. Nasema wamo. Vunja ukuta," Zilpah alisema.

"Na wasipokuwamo?"

"Nitakuja hapa kwa magoti, nikuombe radhi mbele ya hawa wote."

Zilpah alidhani atafukuzwa mara ya pili. Lakini kesho yake Kasam aliwaleta vibarua, naye akawasimamia kutwa. Ukuta ukavunjwa, kifusi kikaanza kutolewa. Zilpah aliacha kupinda kanga, akawa anakwenda kukaa kwenye jiwe moja, mikono mapajani.

Wakawakuta. Hawakuwa ndani kabisa, chini ya dari lililoanguka, kama alivyofikiri miaka yote. Walikuwa hapo hapo nyuma ya kifusi, karibu na hewa. Kwa upande wa ndani walikuwa wameanza kukichimbua, mawe wameyapanga nyuma yao kwa utaratibu, kama watu wa kazi.

Kasam aliingia kutazama. Alipotoka, kofia mkononi, aliketi mchangani na nguo zake safi.

"Walikuwa wamekaribia," alisema.



Zilpah aliinama kumtafuta Dishon. Hakuweza kumtambua, vumbi la mawe lilikuwa limeifanya mifupa yao yote rangi moja. Akaita jina lake, kisha akaona haya mbele ya wale wawili, akawaita na wao.

Walizikwa kaburi moja, maana hakuna aliyethubutu kuwatenga. Kasam alikuja, akasimama mbali, nyuma ya watu wote. Zilpah alimwona, akamwendea.

"Njoo utie mchanga."

"Mama, mimi sistahili."

"Sijakuuliza unastahili nini. Njoo."

Alikuja. Alitia mchanga kwa mikono miwili, machozi yakimdondoka kidevuni, na Zilpah akasimama kando yake hadi alipomaliza. Hakumshika bega wala hakumwambia pole. Hasira ilikuwa bado imemkaa kifuani, nzito, na hakujua aiweke wapi, kwa kuwa nyapara na mzee Valli walikuwa wamekwisha kufa. Akamshika mkono binti yake Ketty, wakarudi mjini kwa miguu.